Nani wa Kumwamsha Cherehani

Jumatatu, 2 Juni

Wamevuka mpaka! Leo asubuhi tumekusanywa ukumbini, wazee wote wa nyumba hii, wa magongo na wa viti vya magurudumu, tusikilize hotuba ya msimamizi mpya. Binti mdogo kabisa. Nina sweta lililomzidi umri. Akasimama mbele yetu na tabasamu la kutosha watu ishirini, akasema ile ratiba ya zamani imekufa. Hakuna tena kuamshwa wote pamoja, wala kuoga kwa foleni, wala kunywa uji wote kwa wakati mmoja. Kila mzee ataitwa kwenye kikao chake, aulizwe ametoka wapi, alifanya kazi gani, anapenda nini, anaudhiwa na nini, anataka kuamka saa ngapi. Matunzo yake yatapangwa kufuata majibu hayo. Ati mtu kwanza, ratiba baadaye.

Wazee wakapiga makofi! Hata wale waliokuwa wamelala walipiga. Mzee Posta, aliyepeleka barua za watu maisha yake yote na siku hizi hafikishi kijiko mdomoni bila kumwaga, akauliza kama anaweza kuletewa yai la kuchemsha saa nne usiku. Msimamizi akajibu kwamba hakuna lisilowezekana, tuulizane tu. Kuhusu kuoga, tuulizane. Kuhusu taa za ukumbini, tuulizane. Basi nimeshampa jina. Huyo ni Tuulizane.

Mimi nilikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa zaidi ya miaka thelathini. Wasichana mia mbili kila mwaka, na kila mmoja alikuwa ametandika kitanda kabla jua halijachungulia. Ningewauliza wanataka kuamka saa ngapi, wangekuwa wamelala mpaka leo! Nilisimama nikasema hivyo mbele ya kila mtu. Tuulizane akaja akanishika mkono, akasema asante sana bibi yangu, huo ni mchango mzuri. Bibi yangu! Nimezaa mtoto mmoja tu, na huyo hajaniletea mjukuu wa aina ile.

Lakini kinachonichoma si yai la Mzee Posta. Ni Cherehani, mwenzangu wa chumba. Alishona nguo za watu tangu usichana wake mpaka macho yakachoka, ndiyo maana wote tunamwita hivyo. Mtu mzuri ila laini mno. Miaka mitatu sasa, mimi ndiye ninayemwamsha saa kumi na moja alfajiri kwa makofi mawili. Mimi ndiye ninayemchagulia gauni. Mimi ndiye niliyemwachisha sukari. Bila mimi angekuwa gunia lililosahauliwa kitandani. Na sasa wanataka kumweka kwenye kiti wamuulize anataka nini, mwanamke ambaye hajawahi kujibu swali bila kunitazama kwanza!

Jumanne, 3 Juni

Sijalala, nimepanga. Kama ni kuulizwa, basi aulizwe akiwa tayari.

Baada ya uji nilifunga mlango nikamkalisha Cherehani kitandani. Nikamwambia mimi sasa ni Tuulizane, yeye ni yeye. Nikamuuliza anataka kuamka saa ngapi. Akasema akitaja saa mbili itakuwaje. Nikamwambia itakuwa uvivu. Akasema haya, alfajiri. Chai? Bila sukari. Nani amchagulie nguo? Matroni. Angependa kukaa na nani? Na Matroni, chumba hikihiki, kitanda hikihiki. Tulirudia mpaka akawa anajibu kabla sijamaliza swali. Wasichana wangu wa kidato cha kwanza walikuwa wanachukua wiki nzima kufika hapo.

Mwishoni akaniuliza kama hayo ndiyo anayoyataka yeye au ninayoyataka mimi. Nikamwambia hakuna tofauti. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akajilaza tena. Mchana kweupe!

Kuna jambo jingine, na hili limenifurahisha kidogo. Kwenye kila kikao kunakuwa na kiti cha pili. Mzee anachagua mtu mmoja anayemwamini akae pembeni yake, amkumbushe anaposahau, amtie moyo anapokwama. Anaweza kuwa mtoto, ndugu, rafiki, hata mfanyakazi wa humu. Wanamwita mtu wake. Sikumuuliza Cherehani atamchagua nani. Kuna haja gani? Nimepiga pasi gauni langu jeupe, lile la sikukuu za shule. Zamu yake ni keshokutwa.

Alhamisi, 5 Juni

Mpishi!

Naandika tena ili niamini. Amemchagua Mpishi! Mtu wa masufuria, mtu wa kunusa vitunguu, mtu ambaye hajui hata Cherehani analalia ubavu gani! Nilikuwa nimesimama mlangoni na gauni langu jeupe, kola imesimama, nikamwona yule mwanamume anapita huku anajifuta mikono kwenye aproni. Akaniambia samahani Matroni, nimeitwa. Akaingia. Mlango ukafungwa mbele ya pua yangu.

Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka makalio yakafa ganzi. Sikusikia neno. Nilichosikia ni vicheko. Walicheka mara nyingi, na Cherehani alicheka kuliko wote. Sijui kikao gani cha matunzo kinachekesha kiasi hicho. Mimi nilifanya vikao na wazazi zaidi ya miaka thelathini na hakuna aliyewahi kucheka.

Alipotoka nilimuuliza amesema nini. Akajibu kwa upole kwamba Tuulizane amemwambia maneno ya kikao ni yake mwenyewe, akipenda atayasema, asipopenda atakaa nayo. Na ameamua kukaa nayo kwanza, anayafurahia. Damu ilinichemka mpaka masikioni. Siri! Miaka mitatu natazama hata kucha zake za miguu, leo ana siri!

Jioni wakamletea chai. Akachukua bakuli la sukari, akatia kijiko, akatia cha pili, akanitazama usoni, akatia na nusu. Akakoroga polepole. Nilinyanyuka mezani nikaenda jikoni nikamwambia Mpishi wazi kwamba akimuua mwenzangu kwa sukari nitatoa ushahidi. Akaniambia ameshamuuliza daktari, na daktari hajawahi kumkataza Cherehani sukari hata siku moja. Aliyemkataza ni mimi. Alisema hivyo huku anamenya viazi, bila hata kuniangalia.

Nyoo!

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi nilipiga makofi yangu mawili kama kawaida. Cherehani hakutikisika. Nikapiga tena. Akaja muuguzi wa zamu, akaninong'oneza kwamba kwenye mpango mpya wa Mama Cherehani imesemwa aachwe alale mpaka aamke mwenyewe, na kwamba makofi yangu yanaamsha pia vyumba viwili vya jirani. Nimekaa kitandani nimevaa, nimechana nywele, nikimtazama mtu mzima akikoroma jua limeshapanda. Aliamka watu wameshaosha vikombe. Akajinyoosha. Akasema amelala usingizi mtamu ajabu.

Hayo yote ningeyameza. Nisingeyasahau, lakini ningeyameza. Kilichofuata ndicho kilichonikaba.

Mbele ya mlango wetu, ng'ambo ya korido, kuna chumba kitupu. Dirisha lake ni kubwa kuliko letu. Saa nne hivi nilimkuta seremala ndani na futi yake, anapima ukuta, anapima sakafu, anasimama dirishani anaangalia mwanga unaingiaje. Nikamuuliza anapima nini. Akasema ametumwa na msimamizi, amtengenezee Mama Cherehani. Nikamuuliza amtengenezee nini. Akasema yeye anapima tu, mengine nimuulize mwenye shughuli.

Sikumuuliza mwenye shughuli. Nimuulize nini? Anahama. Ameulizwa anataka nini, na jibu lake ni kwamba hanitaki mimi.

Nilirudi chumbani nikakaa. Nikakunja gauni langu jeupe, nikalikunjua, nikalikunja tena. Ni hasira hiyo, wala si kitu kingine. Cherehani akaingia akaniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Mtu anakuchimbia shimo huku anakuuliza kama umekunywa chai!

Sitambembeleza. Sijawahi kumbembeleza mtu. Lakini haendi popote.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepata! Na aliyenipa ni Tuulizane mwenyewe, bila kujua.

Siku ya ile hotuba alisema kwamba mzee akianza kusahau mambo, matunzo yake yanapangwa kwa uangalifu zaidi. Anazungukwa na vitu alivyovizoea na watu aliowazoea. Watu aliowazoea! Na mimi nimemzoea nani? Basi nitasahau. Nitajitia hamnazo, kidogo tu, kipimo cha kutosha, ili waone kwamba Matroni hawezi kukaa chumba kimoja bila Cherehani. Watabatilisha ule uhamisho haraka sana.

Nimeanza mchana huu. Nilitia kijiko mfukoni nikainuka nacho. Nikasimama katikati ya ukumbi nikauliza bweni lipo upande gani. Kisha nikamgeukia Mzee Posta nikamwita kwa jina la marehemu mume wangu. Hapo nilikosea mtu. Mzee Posta alitazama nyuma kuona ni nani anaitwa, akaona hakuna mtu, akaitika! Akasogeza kiti. Tangu wakati huo ananiita mke wangu, na amemwambia muuguzi kwamba yai lake la usiku liwe mawili.

Sikurudi nyuma. Nilipaza sauti nikauliza Cherehani yuko wapi. Nikasema siwezi bila Cherehani. Nikarudia. Cherehani mwenyewe alikuwa amekaa karibu nami kiasi cha kugusana viwiko. Akanitazama kwa jicho moja, lile la kutungia uzi kwenye sindano. Akasema yupo hapa. Nikajifanya sijamsikia, nikaita tena.

Tuulizane aliona yote. Uso wake ulibadilika, akaja akapiga magoti mbele yangu akaniuliza kama najua hapa ni wapi. Nikamwambia ni shuleni, na yeye amechelewa paredi. Alinishika mikono yangu miwili. Machozi yalimlengalenga. Nikamwonea huruma kidogo, halafu nikakumbuka seremala, huruma ikanitoka.

Jumatatu, 9 Juni

Nimejipalia makaa mwenyewe.

Wamenihamisha mimi! Mimi! Niko chumba cha chini, ubavuni mwa meza ya wauguzi, peke yangu. Kitanda kimoja. Kiti kimoja. Mlangoni wamebandika picha kubwa ya kikombe ili nisipotee nikitoka msalani. Eti nikiona kikombe nijue nimefika nyumbani.

Tuulizane alinieleza taratibu, akiacha nafasi kati ya neno na neno. Wameona nimeanza kupotea, ngazi za juu ni hatari kwangu, na hapa kuna macho ya kuniangalia wakati wote. Nikamuuliza vipi kuhusu mtu niliyemzoea. Akasema Mama Cherehani atakaribishwa kunitembelea kila anapopenda. Lakini ana maisha yake na mpango wake, na hawawezi kumgeuza yeye kuwa dawa yangu.

Basi nikamwambia ukweli. Nikasema nilikuwa naigiza. Nikasema akili yangu ni nzima kuliko ya kwake na ya daktari ukizijumlisha. Akatikisa kichwa kwa upendo mwingi, akasema ndiyo, bibi yangu. Nikasema kwa sauti zaidi. Akasema ndiyo, bibi yangu, kwa upendo zaidi. Nikaona maji yamenifika shingoni. Kumbe humu ndani kila aliyesahau husema hajasahau! Niliushika mlango nikaufunga kwa nguvu, kile kikombe kikadondoka. Wakakibandika tena, kwa gundi nyingi.

Alasiri walimpigia simu mwanangu, awaeleze nilikuwa mtu wa namna gani ili wanipangie vizuri. Akawaambia kwamba mama yake aliwapenda sana wasichana wake. Matokeo yake? Wameniletea mwanasesere. Wa kike, ana nywele za uzi, macho yanafumba ukimlaza. Muuguzi akaniwekea kifuani, akaniambia huyu ni msichana wangu.

Nilimtazama yule mwanasesere. Akanitazama. Nikamwambia asimame wima.

Jumanne, 10 Juni

Leo nilijiandaa kuwaumbua. Daktari alikuwa anakuja. Nilijipanga tangu alfajiri. Nilitaja miezi kutoka Desemba kurudi Januari. Nilitaja viranja wakuu wote wa bweni, mmoja mmoja, na makosa yao.

Daktari akaingia, kijana mwingine, akakaa, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikajibu. Akaniuliza hii ni nyumba gani. Nikajibu, nikaongeza na kasoro zake. Akaandika huku anatabasamu. Kumbe yale mambo yanakwenda vizuri! Halafu mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Posta na yai kwenye sahani, akasema amemletea mkewe, na daktari asimchoshe. Nilimkaripia. Nikamwambia mimi si mke wake, sijawahi kuwa mke wake, atoke. Mzee Posta akamwambia daktari ndivyo anavyokuwa akishikwa na hali yake, tumvumilie.

Nilinyanyuka nimtoe mwenyewe. Daktari akasema tulia mama, swali dogo la mwisho, leo ni siku gani? Nikamfokea kwamba ni Jumatatu.

Ni Jumanne! Najua ni Jumanne! Nimeandika hapo juu Jumanne! Akafunga kalamu yake.

Jioni mwanangu alipiga simu. Alizungumza kwa sauti ya juu na polepole, kama mtu anayemwongelesha kiziwi aliye ng'ambo ya mto. Akasema nisiwe na wasiwasi, atakuja mwisho wa mwezi. Nilimuuliza kwa nini aliwaambia habari za wasichana. Akasema aliulizwa nilipenda nini, akataja alichokiona. Hakusema kama niliwahi kumpenda na yeye. Nilingoja aseme. Hakusema. Nikakata simu.

Chumba hiki kina ukimya mbaya. Wauguzi wapo nje, nawasikia, lakini ndani hamna kitu. Sikujua kwamba kukoroma kwa Cherehani kulikuwa kunanilaza. Nimekasirika mno. Yule mwanasesere nimemgeuzia ukutani.

Alhamisi, 12 Juni

Leo ilikuwa zamu ya kikao changu. Niliingia nimenuna. Meza ya duara, Tuulizane, birika la chai, kiti changu na kiti cha pili. Akaniuliza nani ni mtu wangu. Nikasema sina. Akauliza tumwite nani, mpishi, muuguzi, tumsubiri mwanangu? Nikasema aanze tu, nimezoea kusimama peke yangu.

Mlango ukafunguliwa. Cherehani! Kandambili miguuni, sindano kwenye kola, alama za mto bado shavuni. Akasema samahani kwa kuchelewa, alikuwa amelala. Akavuta kiti cha pili akakaa. Hakuna aliyemwalika. Mimi sikumwalika.

Tuulizane akanitazama kuona kama ninakubali. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia.

Cherehani ndiye aliyeanza. Akamwambia Tuulizane kwamba huyu unayemwona hapa hajasahau kitu chochote. Miaka mitatu ananikumbusha kila jambo, hata yale ninayotaka kuyasahau. Kijiko alikitia mfukoni huku ananichungulia kuhakikisha nimemwona. Alikuwa anaigiza, na anaigiza vibaya. Nilitaka kumbishia hilo la vibaya, nikakumbuka kwamba ushahidi huo ndio niliokuwa nautafuta tangu Jumatatu.

Tuulizane akaniuliza kwa nini nilifanya hivyo. Cherehani akaniuliza kwa nini. Nikatazama birika. Akaniuliza tena, akaniita dada. Hajawahi kuniita dada.

Nikalipuka! Nikasema seremala! Nikasema chumba cha ng'ambo, dirisha kubwa, futi, kupima! Nikasema kama mtu amenichoka aniambie usoni, asitume watu na misumari! Nikasema nilimtunza, nilimwamsha, nilimfunga vifungo vya nyuma asivyovifikia, na siku ya kuulizwa anakwenda na Mpishi!

Cherehani alinitazama mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga. Akasema kile chumba ni cha kushonea. Aliomba meza, ya kuwekea mashine, karibu na dirisha, arudie kazi yake kidogo kidogo, awashonee watu mapazia na kuwapunguzia magauni. Hicho tu. Habari ya kulala hakuna aliyeigusa, kwa sababu swali hilo lilikuwa la kwanza kabisa na alilijibu mara moja. Alisema anataka kubaki na Matroni.

Nikamuuliza basi kwa nini Mpishi. Akasema kwa sababu Mpishi asingejibu kwa niaba yake. Kwa maisha yake yote wateja walimwambia anataka nini, mume akamwambia anataka nini, na mimi vilevile. Alitaka siku moja asikie jibu lake mwenyewe linafananaje. Akasema hivyo bila ubaya wowote, na ndiyo maana liliniuma. Machozi yalinitoka. Ya hasira.

Tuulizane akanimiminia chai, akasubiri. Binti anajua kusubiri, hilo nampa. Kisha akaniuliza mimi ninataka nini. Nikamwambia nataka Mzee Posta aache mayai, nataka korido isafishwe kabla ya uji, nataka wauguzi wafunge nywele. Akasema hayo ni ya wengine. Wewe, Matroni. Ameniita Matroni! Nikafungua mdomo, nikaona hakuna kitu kilichopangwa hapo.

Nikasema nataka nikiamka gizani nisikie mtu mwingine anapumua.

Hakuna aliyecheka. Tuulizane hakuandika hata neno, aliweka kalamu chini. Cherehani akanishika kiwiko. Akasema haya, nirudi juu, lakini na yeye ana sharti lake moja na analitaka mbele ya shahidi. Hakuna makofi, hakuna kuitwa, hakuna kuguswa, hakuna kukohoa kwa makusudi. Ataamka mwenyewe jua likifika miguuni pake. Si kabla.

Nimekubali. Nimekula kiapo mbele ya Tuulizane, mkono kifuani. Nimemaliza na mambo ya kuamsha watu. Ukweli ni kwamba nimekuwa mtu mwingine, na nilimwambia Tuulizane aandike hivyo kwenye mpango wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimerudi chumbani kwangu. Mwanasesere nimemwachia muuguzi. Jana usiku Cherehani alikoroma na mimi nikalala usingizi wa kifalme.

Asubuhi nilitimiza ahadi. Nilikaa kitandani, mikono mapajani, mdomo nimefunga. Alfajiri ikapita. Uji ukapita. Jua liliingia dirishani likaanza kutambaa sakafuni, likapanda kiti, likasimama kwenye kiti! Kitanda cha Cherehani kipo kule kwenye kona, mbali na dirisha. Kwa mwendo ule, jua linafika miguuni pake watu wanaulizana kuhusu chakula cha mchana. Aliyeipanga kona ile hakufikiri. Sikupiga makofi. Sikukohoa. Nilipumua tu, labda kwa nguvu kidogo.

Alasiri, Cherehani akiwa ng'ambo anajaribu mashine yake mpya, nilimwita Mzee Posta. Nilimwambia mume wangu, njoo nisaidie. Alikuja mbio. Tumekisukuma kile kitanda mpaka chini ya dirisha, miguu upande wa mashariki. Amenidai yai. Cherehani aliporudi akauliza kuna nini. Nikamwambia ni kwa ajili ya hewa safi, na kwamba mzee anapaswa kuwa karibu na mwanga, mtu kwanza. Akanitazama kwa lile jicho la sindano. Akasema haya.

Sijavunja neno hata moja. Sharti lake ni jua. Basi nimemsogeza karibu na jua.

Jumamosi, 14 Juni

Jua limechomoza na kutua moja kwa moja kwenye nyayo za Cherehani. Mapema, safi kabisa, saa ya watu wenye adabu. Nilikuwa nimekaa tayari, nimevaa, gauni lake nimeshamchagulia na kulitandaza kwenye kiti. Nilingoja.

Hakufumbua jicho. Alivuta miguu yake taratibu, wa kulia, halafu wa kushoto, akaikunja na kuificha ndani ya blanketi. Jua likabaki peke yake juu ya godoro. Kisha nikaona blanketi linatikisika kuanzia juu mpaka chini. Anacheka! Amelala anacheka!

Kosa lipo kwenye lile blanketi. Ni refu mno. Leo mchana nitamwambia limechakaa upande wa miguuni na linahitaji kukatwa kidogo. Atalikata mwenyewe, fundi si ni yeye?